Nyama Inayomngoja Mgeni

Mgeni wa Kiafrika hupiga hodi bila kutanguliza habari. Hata leo, wakati watu wengi wana simu mifukoni, wako wageni watokeao jioni, mavumbi miguuni, na mwenyeji asemapo "Karibu" moyo wake huwa umekwisha kwenda jikoni. Kuna kuku? Kuna unga? Penye duka karibu jambo hili si zito. Lakini fikirini, wanafunzi, nyumba ya wafugaji katika nchi kavu, kama ile iliyo kaskazini ya Kenya au nchi ya Wasomali. Ngamia wamekwenda malishoni mwendo wa siku mbili au tatu. Soko liko mbali. Hapana kuku, hapana bustani. Na mgeni ameketi kivulini, amekwisha kunawa uso, naye anangoja. Kumlaza mgeni na njaa ni aibu ambayo itasimuliwa kisimani na kila aletaye wanyama kunywa.

Basi mama wa nyumba huinuka, akatwaa chombo kilichofunikwa vema, akachota humo vijiko vichache vya nyama. Nyama hiyo ilichinjwa labda miezi mitatu iliyopita, nayo haikuoza wala hainuki. Huipasha moto kidogo tu, akamwandalia mgeni pamoja na anjera na chai ya maziwa. Na watoto waliokuwa wakichungulia mlangoni nao hupata chao. Hapo ndipo waonapo maana ya ile methali, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nyama hii watu wengi wa Kenya huiita nyirinyiri. Waborana huiita koche. Wasomali wanayo majina mawili, oodkac na muqmad. Msishangae kwa namna ya kuandika kwao: Kisomali kilipewa herufi zake rasmi mwaka 1972, na katika herufi hizo c ni sauti ya ain ya Kiarabu, na x ni h itokayo kooni. Mtaikuta tena herufi x kabla ya mwisho wa somo hili.

Kwanza yatupasa kujua kwa nini nyama huoza. Watu wa zamani wengi walidhani ya kuwa uozo hutoka ndani ya kitu chenyewe, kama kutu itokavyo katika chuma. Katika miaka ya 1860 Mfaransa mmoja, Louis Pasteur, alionyesha kwa majaribio yake ya chupa zenye mchuzi kwamba sivyo. Uozo huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huingia pamoja na mavumbi na hewa, na mikono, na visu, na nzi. Vijidudu hivi, kama viumbe vingine vyote, huhitaji chakula, joto na maji. Nyama mbichi huvipa vyote vitatu. Katika ratili 4 za nyama isiyo na mafuta, karibu ratili 3 ni maji matupu.

Haya, fanyeni hesabu. Viko vijidudu ambavyo, vikipata joto livipendezalo, kimoja hugawanyika kuwa viwili kila dakika 20. Anzeni na kimoja saa mbili asubuhi. Ikifika saa tatu vimekuwa 8, saa nne vimekuwa 64. Mkiendelea hivyo hata saa kumi jioni, mtapata zaidi ya milioni 16. Ndiyo sababu nyama iliyochinjwa asubuhi katika nchi ya joto haingoji kesho.

Kwa hiyo anayetaka kuhifadhi nyama hana budi kuvinyima vijidudu kitu kimojawapo. Mwenye umeme huvinyima joto, kwa kuiweka nyama katika barafu. Wasio na umeme, nao ni watu wote wa dunia tangu zamani hata juzi tu, walivinyima maji. Wengine waliianika nyama juani, wengine waliitia chumvi, ambayo huyavuta maji yatoke, na wengine waliitundika juu ya moshi. Wafugaji wa nchi kavu walichagua jua pamoja na mafuta, nao waliitengeneza kazi hiyo kwa akili nyingi mno. Naona haistahili kupitiwa kwa haraka.

Ngamia mkubwa huweza kuzidi kilo 400. Akichinjwa, watu wa nyumba moja hawawezi kummaliza kabla hajaoza, hata wakiwaita majirani. Tena katika mwaka wa ukame mfugaji huona wanyama wake wakidhoofika, naye hujua ya kwamba asipomchinja huyu leo, kesho atamkuta amekufa. Basi humchinja, na wanawake huanza kazi siku ile ile. Huchagua nyama nyekundu ya paja na ya mgongo, wakaondoa kano na mishipa na mafuta, kisha huikata mikanda mirefu myembamba, kama kamba za ngozi. Mikanda hiyo hutundikwa juani mahali penye upepo. Upepo una kazi kubwa kuliko jua, maana ndio uchukuao unyevu. Nyama ikikauka nje hata isinate mkononi, hushushwa na kukatwa vipande vidogo sana, wengine kama punje za maharagwe, wengine vikubwa kidogo.

Huenda mwanafunzi mmoja atauliza, udogo wote huu wa nini? Si urembo, wala si kwa sababu ya wazee wasio na meno, ingawa wazee hushukuru. Kipande kikubwa huiva nje na kubaki na maji katikati, na humo katikati ndimo uozo utakamoanzia. Kipande kidogo hukauka mpaka moyoni.

Baada ya hayo vipande hutiwa katika sufuria yenye samli, au mafuta yaliyoyeyushwa kutoka nundu ya ngamia, vikakaangwa juu ya moto wa kiasi. Hapa ndipo utaalamu wa mpishi huonekana, au tuseme, husikika. Maji huchemka yafikapo joto la digrii 100, na mafuta yaliyo motoni hupita joto hilo. Kwa hiyo maji yaliyo ndani ya nyama hugeuka mvuke, nao hupanda juu kama mapovu, na sufuria hupiga kelele. Kadiri maji yapunguavyo, ndivyo na kelele zipunguavyo. Mpishi asiyejua huona nyama imegeuka rangi, akaiepua. Mpishi ajuaye huitegea sikio. Mafuta yakinyamaza na mapovu yakikoma, ndipo ajuapo ya kuwa maji yamekwisha. Hana saa wala chombo cha kupimia joto, wala hahitaji.

Karibu na mwisho hutiwa iliki iliyopondwa, na wengine hutia kitunguu saumu. Kisha nyama huachwa ipoe, ikatiwa katika chombo kikavu pamoja na samli ya kuifunika kabisa. Samli ikiganda huwa kama kifuniko cha pili: hewa haipiti, nzi hawapiti. Zamani chombo kilikuwa cha mti, au kilisukwa kwa nyuzi za mizizi, kwa msuko uliobanana hata kuweza kushika maziwa. Siku hizi wengi hutumia madebe na chupa, na katika miji ya Isiolo na Garissa, na hata Nairobi, wako wanawake ambao biashara yao ni kuikaanga na kuiuza nyama hii. Iliyofanywa vema hukaa miezi mingi.

Lakini iko sheria moja katika nyumba yenye chombo hicho: kijiko kiwe kikavu. Mtoto mwenye ulafi akiingiza kijiko kilichotoka kuoshwa, hutia ndani matone ya maji, na katika kila tone vijidudu hupata pa kuanzia maisha. Baada ya wiki chache mama atafungua chombo mbele ya mgeni, na harufu itakayotoka itamwaibisha yeye, wala si yule mtoto.

Nchi nyingine nazo zina nyama zao zingojazo wageni. Katika mji wa Kayseri, huko Uturuki, watu huchukua nyama ya ng'ombe, wakaitia chumvi, wakaigandamiza kwa vitu vizito ili maji yatoke, kisha wakaipaka tope la uwatu, kitunguu saumu na pilipili nyekundu. Nyama hiyo huitwa pastirma. Hukatwa nyembamba kama karatasi, na aliyeila hahitaji kuwaambia watu, maana harufu ya uwatu husema kwa niaba yake. Watu wa Parma katika Italia huhifadhi paja zima la nguruwe kwa chumvi ya bahari tu, wakalitundika zaidi ya mwaka mmoja. Kabla ya kuliuza, mjuzi hulichoma kwa sindano iliyochongwa katika mfupa wa farasi, akainusa ile sindano. Mfupa huo hushika harufu upesi na kuiacha upesi, kwa hiyo mtu aweza kupima mapaja mengi, moja baada ya moja. Huko Sweden paja la nguruwe lililotiwa chumvi ndilo huwekwa katikati ya meza wakati wa Krismasi. Waislamu hawali nyama hiyo, na wenyeji wenye adabu hawamwekei Mwislamu mbele yake.

Na kwetu pwani? Majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni yalileta tende, na pamoja na tende yalileta papa aliyekaushwa na kutiwa chumvi. Mwenye pua alijua jahazi limefika kabla ya mwenye macho. Harufu ile si ya uozo. Mwili wa papa una urea nyingi, kitu kile kile kilichomo katika mkojo wa wanyama, na papa akisha kufa urea hiyo hugeuka amonia. Wako watu ambao mchuzi wa papa mkavu kwa nazi huwapendeza kuliko kuku. Lakini sijaona arusi ya pwani ambapo papa alishindana na pilau mbele ya wageni.

Sasa ni lazima kunena habari ya hatari, kwa sababu chakula cha karamu kikiwa kibaya hakimdhuru mtu mmoja, hudhuru watu wote walioalikwa. Mwezi wa Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, bendi ya kijiji ilipiga muziki kwenye mazishi. Baadaye wapigaji waliketi kula, na katika chakula chao kulikuwa na paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi, lisilopikwa. Chakula hakikuonyesha ubaya wa kutisha. Kisha wale watu walianza kuona kitu kimoja kama viwili, kope zao zikalegea, wakashindwa kumeza na kusema. Watatu walikufa. Daktari Émile van Ermengem aliyachunguza mabaki ya nyama ile, na mwaka 1897 aliandika habari ya kijidudu alichokiona ndani yake. Kijidudu hicho hutofautiana na vingi vingine, kwa kuwa hewa humzuia, naye hustawi pasipo hewa, akatoa sumu iliyo kali kuliko karibu sumu zote zijulikanazo. Ugonjwa wake huitwa botulizimu, jina litokalo katika neno la Kilatini la soseji, kwa sababu Wajerumani walikuwa wameuona katika soseji miaka mingi kabla ya hapo.

Tafakarini basi. Tulisema samli huizuia hewa isiifikie nyirinyiri. Je, si kumfanyia kijidudu huyu nyumba nzuri? Ingekuwa hivyo, kama nyama ingewekwa na maji yake. Lakini naye hawezi kustawi pasipo maji. Kwa hiyo kilinzi cha kweli cha nyama hii si samli, bali ni ule ukavu. Samli hulinda ukavu usiharibike. Aliye na haraka, akaepua sufuria ingali inapiga kelele, akaimwagia nyama samli nyingi juu akidhani itamwokoa, amefanya jambo la hatari kuliko yule aliyeiacha nyama wazi ikaoza ikanuka, maana inayonuka hailiwi.

Wazungu walipata njia nyingine ya kujikinga. Tangu zamani walichanganya chumvi na shura kidogo, wakaona nyama hubaki nyekundu. Baadaye wenye elimu walifahamu ya kuwa kitu kitokacho katika shura humzuia kijidudu yule wa Ellezelles. Lakini faida hii nayo ina gharama yake. Mwezi wa Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba nyama zilizohifadhiwa kwa chumvi, kwa dawa kama hizo, au kwa moshi, huweza kuleta saratani ya utumbo mkubwa. Alaye gramu 50 za nyama hizo kila siku, yaani vipande vichache vyembamba, huizidisha hatari yake kwa asilimia 18. Tazameni yale maneno mawili, kila siku. Wazee waliotundika mapaja kwa ajili ya Krismasi hawakuyala kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Desturi hiyo ni ya viwanda.

Turudi kwa Wasomali, kwa maana iliyobaki ni karamu kubwa kuliko zote za nyama hii, nayo ni karamu ya arusi. Chombo chake huitwa xeedho, na hapo mwaikuta ile x niliyowaahidi.

Mama wa bibi arusi ndiye mwenye kazi hiyo, pamoja na jamaa zake wanawake. Huchagua nyama nzuri kuliko zote, wakaikausha na kuikaanga kama tulivyoeleza, ila kwa uangalifu mara mbili, kwa sababu itakayohukumiwa si nyama tu. Huitia chomboni pamoja na samli, wakaifunika kwa tende zilizopondwa pamoja na viungo, mpaka chombo kinafungwa kabisa kwa utamu huo. Chombo hufunikwa, kikavikwa ngozi, kikapambwa kwa kauri, na juu yake kikavikwa nguo kama bibi arusi mwenyewe. Mwisho hufungwa kwa kamba. Kamba hiyo huzungushwa mara nyingi sana, huku na huku, na fundo lake hufichwa mahali pasipoonekana. Kisha hupelekwa kwa watu wa bwana arusi.

Siku chache baada ya arusi, na mahali pengi ni siku ya saba, wageni hukusanyika. Upande wa bwana arusi lazima umtoe mtu wa kukifungua chombo. Kisu ni marufuku, na kuikata kamba ni kama kuvunja mlango wa nyumba ambayo umekaribishwa kuingia. Ni lazima alitafute lile fundo kwa vidole, polepole, akikishika chombo kwa heshima kama apasavyo kuheshimiwa yule binti aliyetoka kwa mama yake. Wanawake wa upande wa bibi arusi huketi wakimtazama. Akiivuta kamba kwa nguvu, humpigia makelele. Akikosea, huchekwa, na mahali pengine hutozwa faini, akaondoka mwingine kujaribu. Mashairi hutungwa papo hapo ya kumsifu au kumdhihaki. Saa zaweza kupita.

Si mchezo mtupu. Katika ndoa watu wawili na jamaa mbili watafungana kwa mambo mengi yasiyoonekana, na mtu mwenye pupa atayakata. Mama hawezi kumfuata binti yake na kukaa katika nyumba ile kumwangalia mkwewe. Lakini aweza kumtengenezea mkwewe fundo, akaona yeye na ndugu zake ni watu wa namna gani mbele ya mashahidi.

Mwaka 2023 shirika la UNESCO liliiandika xeedho ya nchi ya Djibouti katika orodha ya desturi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu yaeleweka. Kazi hii yahitaji siku nyingi, na wajuao kusuka chombo, kushona ngozi na kuficha fundo ni wanawake wazee, nao wanapungua. Katika mji, kununua keki huchukua dakika kumi. Hata hivyo katika Djibouti na Hargeisa bado wako wanaoifanya.

Na fundo likipatikana, watu hupiga vigelegele. Kamba huanguka, mzunguko kwa mzunguko, nguo na ngozi huondolewa, na kifuniko huinuliwa. Tende hukatwa na kugawiwa kwanza. Chini yake samli hung'aa, na nyama imo ndani yake, kavu, yenye harufu ya iliki, kama ilivyowekwa. Wazee huonja, kisha wageni, kisha sahani hupelekwa kwa majirani ambao hawakuweza kuja, na watoto hupangusa tende zilizoshika pembeni mwa chombo kwa vidole vyao.